Chumba cha Juu ya Lango la Shule

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Mungu anisaidie nisimpunje mtu, maana hadithi hii kila nikiisimulia nakosea mahali.

Katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Hasselbrunn waliishi wanawake watatu. Bi Ottilie, mjane wa fundi saa, alikuwa na nyumba ya vyumba tisa. Mwalimu Hedwig alijua kufundisha hesabu hata mzembe akaelewa. Walburga, binti wa mfua nguo, alikuwa na kichwa kinachoshika kila anachosomewa.

Zama hizo sekondari ya mji ilikuwa ya wavulana tu. Msichana akishajua kusoma na kushona, basi, anarudishwa jikoni.

Bi Ottilie akasema, "Vyumba tisa, nami nalala kimoja. Aibu." Akaitoa nyumba iwe shule ya wasichana, mwenyewe akahamia darini. Wanawe wakamsusia. Mkubwa alimwambia, "Mama, umetupokonya urithi wetu," na hawakuja tena hata Krismasi.

Mwalimu Hedwig, aliyekuja kufundisha hapo, alichumbiwa na mfamasia, mtu mpole, mcha Mungu. Lakini sheria ya huko ilisema mwalimu wa kike akiolewa anaacha kazi, na mwalimu mwingine wa hesabu hakupatikana. Mfamasia akamuuliza, "Hedwig, mimi au ubao?"

"Reinhold, ubao haujawahi kuniambia nichague."

Wakacheka wote wawili. Kisha mfamasia akaenda zake, akaoa kwingine.

Mwaka wa tatu akaja mkaguzi. "Asipofaulu hata msichana mmoja mtihani wa mwisho, shule hii naifunga." Aliyekuwa tayari ni Walburga peke yake. Mtihani ulifanyika shule ya wavulana, mwezi wa Januari, theluji nje. Wakamkalisha mlangoni, mbali na jiko la kuotea moto, siku nne.

Mvulana mmoja akamnong'oneza, "We binti wa mapovu, umekuja kufua madawati?"

"Nikimaliza karatasi yangu nitakufua wewe."

Alifaulu, shule ikabaki. Lakini baridi ile ilimwingia kifuani na mapafu hayakupona. Hakwenda chuo, hakupata kazi ya kudumu. Akabaki hapo shuleni akitunza vitabu.

Miaka thelathini ikapita, wote watatu wakiishi humo shuleni. Serikali ikaamuru wavulana nao waingie shule ile, na kila chumba kiwe darasa, hata dari. Kikaachwa kimoja tu cha kuishi, juu ya lango, chenye jiko la makaa na kitanda chembamba. Barua ilisema: mtu mmoja, mpaka afe. Wengine wawili wapelekwe nyumba ya wazee na wagonjwa, kwenye bonde la ukungu, mwendo wa siku nzima kwa treni. Watachukuliwa Jumatatu.

Mkuu mpya wa shule akawaita watatu ofisini, akaweka ufunguo mezani.

"Matofali haya yote niliyatoa mimi," akasema Bi Ottilie, sasa ana miaka themanini. "Na watoto sina tena."

"Bila mwalimu, Bi Ottilie, hapa pangekuwa ghala la saa mbovu," akasema Hedwig. "Nami sina mume wala mtoto wa kunipokea."

Walburga akakohoa kwanza. "Mwalimu, ningefeli mimi, ungefundisha nani? Na huko kwenye ukungu sitamaliza mwaka."

"Usitukoholee, Walburga," akasema Hedwig. "Huyu ni mkuu wa shule, si daktari."

Wakacheka, Walburga naye, mpaka akashika kifua. Kisha kila mmoja akautazama ufunguo.

"Mabibi," akasema mkuu, "niambieni nimwandike nani."

Akachukua kalamu.

Nakiri kosa langu. Nilipowasimulia kina mama wa kanisani mara ya kwanza, nilimpa Hedwig chumba, nao wakapiga makofi. Nilipopiga magoti kusali nikajua nilimpa kwa kuwa mimi pia sikuolewa. Mara ya pili nikampa Walburga, na mama mmoja mjane akaniuliza, "Kwa hiyo Bi Ottilie akafie ugenini kwa sababu ana afya?" Tangu hapo simpi mtu.

Leo kwao ni Jumamosi, mkuu ameshika kalamu, na karatasi ina mstari mmoja mtupu. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao wawili ungewaambia nini usoni?