Mdimu wa Mwanamvua

Ngano hii nilipewa na mama mkwe wangu, Bi Somoe, jioni moja aliponiona bado nimembeba mgongoni mwanangu wa mwaka na nusu.

"Paukwa," alisema.

"Pakawa," nikaitika.

Kale hiyo, bibi za bibi zetu wakiwa hawajazaliwa, kijiji kimoja kilikuwa na ajuza aitwaye Bi Mashavu. Mtu akiugua, aliitwa mganga. Mti ukiugua, aliitwa Bi Mashavu.

Siku moja akaitwa kwa Mwanamvua. Mwanamvua alikuwa na mdimu ndani ya chungu. Mbegu aliipanda marehemu mama yake. Chungu alikifinyanga marehemu mama yake. Hakuachiwa kitu kingine. Jua likiwaka, huuingiza ndani. Mvua ikinyesha, huuingiza ndani. Na majani yakawa yanaanguka, pu, pu, pu.

Bi Mashavu akapitisha kiganja kwenye shina. Akachukua mkaa, akatia alama upande uliozoea kutazama macheo.

"Unataka kwenda bustanini," akasema.

"Utoe polepole, bibi, chungu kisivunjike."

"Hautoki. Chagua, mjukuu wangu. Chungu au mdimu?"

Mwanamvua akakikumbatia chungu. Akakikumbatia mpaka jirani mmoja aliyekuja kutazama akasema, "Mwenzetu, mti unakufa, wewe bado unafikiri."

"Mdimu," akasema, sauti haisikiki.

Bi Mashavu akainua mchi. Ko. Ko. Paa!

Vigae vikaanguka. Watu wakarudi nyuma. Chungu kilikuwa bado kimesimama. Tumbo lile lile, shingo ile ile, hata alama za vidole vya marehemu. Kilikuwa chungu cha mizizi. Mizizi ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka, hata mti ukajifinyangia chungu chake wenyewe.

Mwanamvua akapiga magoti. "Mama huyu hapa," akasema. "Usikiguse, bibi."

"Nikikiacha, kitaunyonga." Bi Mashavu akatoa kisu, akampa. "Kata wewe."

Chwe. Chwe. Chwe. Mizizi ikafumuka kama nywele zilizosukwa.

Wakaupanda bustanini, alama ya mkaa ikitazama macheo kama ilivyozoea. Vigae wakavizungushia shinani, maji yasikimbie.

Siku ya saba, jani la mwisho likaanguka.

"Ajuza kaua mti," watu wakasema. "Tumshukuru, katuletea kuni."

Kila asubuhi Bi Mashavu alikuja, akaweka kiganja shinani, akaenda zake. Siku ya arobaini Mwanamvua akamkuta amesimama tu, machozi yanamtoka. Kwenye fundo la tawi palikuwa na jani moja, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

Mdimu ule ulizaa. Hata wale waliotaka kuni walikuja na vikapu.

"Ukipendacho kilee, kisha kipe ardhi," alisema Bi Somoe. "Ngano yangu naitua hapa."

Kesho yake asubuhi nilifungua kanga. Nilimweka mwanangu chini, uso wake ukitazama macheo, nikarudi nyuma hatua tatu.