Nyuki wa Adhuhuri

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi mlioegemea ukuta, itikeni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, katika kijiji ambacho jina lake limeliwa na mchwa, palikuwa na mwanamke akiitwa Sikitu. Tangu usichana kazi yake ilikuwa moja: kutazama viumbe. Siafu hutoka wakati gani. Popo hurudi lini. Aliwahi kutia kaa wa baharini mtungini, akaufunika, akauweka chumbani mbali na pwani. Bahari ikijaa, mtungini: kwaru, kwaru, kwaru. Bahari ikitoka, kimya. Hawaoni maji, hawaoni jua, na wakati wanaujua.

Watu walicheka. Mama yake alilalamika kwamba wachumba wanapita nje, na mwali anasikiliza mtungi. Sikitu akatazama. Akaolewa, akatazama. Akafiwa, akaota mvi, akatazama.

Mwaka mmoja nyuki walivamia ua wa Jumbe. Kila adhuhuri: vuuu! Wakamuuma Jumbe mdomo, ukavimba kama bilingani. Mwenye mizinga kijijini alikuwa mmoja tu, Mashavu, mjane. Wazee wakakata shauri: huyu ndiye anayewatuma, ahame.

Bi Sikitu alikwenda kwanza jikoni kwa Jumbe, ambako hakuna mzee aliyeona haja ya kuuliza. Wake wa Jumbe wakamweleza kuwa walikuwa wakikamua miwa uani kila adhuhuri. Sasa wameacha, ua umefagiwa, na nyuki bado waja.

Akaenda barazani. "Nyuki wanakumbuka saa waliyokula. Hakuna aliyewatuma. Nipeni siku chache niwaonyeshe."

"Bi Sikitu," Mzee Kibwana akasema, "kama nyuki anajua saa, basi tumpe yeye aadhini."

Baraza zima likacheka. Mashavu hakucheka, alikuwa amekwisha kukunja mikeka yake.

Wakampa siku hizo kwa mzaha. Kila asubuhi wazee walipokaa, Bi Sikitu aliweka bakuli la maji ya miwa mbele yao. Nyuki wakaja, wakanywa. Jua likipanda, akaliondoa bakuli. Na Mashavu alikalishwa papo hapo, asikaribie mizinga yake.

Siku ya hukumu wingu likatanda, jua halionekani. Saa ile ile ya asubuhi Bi Sikitu akaweka bakuli jipya, kavu, lisilowahi kuguswa na muwa. Wazee wakatazamana, wakatabasamu. Mashavu akafumba macho.

Kimya.

Kimya.

Vuuu! Nyuki hao, wanazunguka bakuli tupu, wanatafuta.

"Mashavu huyu hapa," Bi Sikitu akasema. "Nani kawaita?"

Jumbe akakohoa. "Basi. Mashavu, tumekusamehe."

Mashavu akainama ashukuru. Bi Sikitu akamshika bega, akamwinua.

"Kosa gani, Jumbe?"

Jumbe akawatazama wazee. Wazee wakatazama vidole vya miguu yao. Ndipo aliposhuka kitini, akakaa chini mavumbini mbele ya mjane, akaomba msamaha yeye.

Jamani, usimhukumu mtu kwa jambo ambalo hujalitazama. Na ukimkosea, usijifanye wewe ndiye wa kusamehe.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye kichwa na ajitwike.