Bi Kanga na Shemeji wa Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anaitikia huku anapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo.

Hapo zamani za kale, Fisi alikuwa na duka. Msicheke! Aliuza matenga, mikanda ya ngozi na ngoma, na mteja hakukosekana.

Siku moja akaja Bi Kanga, ndege wa madoadoa, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alikuwa na mayai kumi na mawili, na masika yalikuwa yanakaribia.

"Bwana Fisi, nataka tenga la kuwekea wanangu. Tena imara!"

"Hili hapa, mama! Hata Tembo akilikalia halitikisiki. Piga ukucha kwenye jani la mkataba."

Upande wa juu uliandikwa: Tenga imara. Bi Kanga akafurahi, akapiga ukucha. Upande wa chini hakuugeuza. Haraka ya nini? Ya kwenda kuwasimulia majirani!

Nyumbani akapanga mayai. Tenga likang'oka kitako, pwaa! Mayai yakabingirika mtelemkoni, mama anayakimbiza, "Wanangu, ningojeni!" Mungu si Athumani, yaliangukia nyasini na hakuna lililopasuka.

Akarudi dukani anahema. "Nibadilishie, la sivyo nakwenda kwenye baraza la Simba!"

Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka. "Geuza jani, mama."

Akageuza. Lahaula! Herufi ndogo ndogo zilisema: Ugomvi hauendi kwa Simba. Utaamuliwa na msuluhishi atakayechaguliwa na muuzaji. Atamsikiliza mlalamikaji mpaka amalize kusema, na muuzaji atamlisha msuluhishi mpaka hukumu itoke.

"Msuluhishi mwenyewe ni nani?"

"Shemeji yangu, kaka wa mke wangu."

Bi Kanga akatazama mawingu. Mvua ikinyesha, wanawe atawaweka wapi? Mara shemeji akaingia, fisi mwenye tumbo la kuburuza chini. Hakusalimu. Aliuliza, "Chakula kiko wapi?"

Bi Kanga akasoma tena ule mstari wa mwisho, akatabasamu. Akayaleta mayai yake, akayalalia palepale katikati ya duka.

Shemeji akayakodolea macho.

"Huu ni ushahidi, mheshimiwa. Ushahidi hauliwi," akasema Bi Kanga. "Sasa, ili uelewe kisa cha tenga, lazima nianze na bibi yangu mzaa mama..."

Akasema, akasema, akasema. Wiki ya kwanza, shemeji akamaliza nyama yote ya jikoni. Fisi akanong'ona, "Jamani, si apunguziwe?" Mke wake akafoka, "Umnyime kaka yangu chakula? Thubutu uone!"

Wiki ya pili, shemeji akala mikanda.

Wiki ya tatu, akala ngoma. Kila akicheua, tumbo linalia, du!

"Bi Kanga, mama yangu, hujamaliza?" akauliza Fisi, amekonda, machozi yanamlengalenga.

"Nimalize vipi? Bibi ndiyo kwanza anachumbiwa!"

"Endelea, mama," akasema shemeji. "Simulizi tamu hiyo."

Wiki ya nne, mayai yakaanguliwa. Vifaranga kumi na wawili wakatoa vichwa.

"Mheshimiwa," akasema Bi Kanga, "mashahidi wangu wamefika."

Midomo kumi na miwili ikafunguka kwa pamoja.

Fisi akapiga magoti. "Yaishe! Nimekosa! Chukua tenga lililo bora kuliko yote, lenye mfuniko! Chukua mawili!"

Bi Kanga akawapakia wanawe, akaondoka. Jioni ile masika yakaanza, na hakuna kifaranga aliyelowa.

Shemeji je? Alijinyoosha akasema, "Mimi sijatoa hukumu bado. Leo tunakula nini?"

Basi wanangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Kupatana nje ya baraza ni jambo jema, lakini msuluhishi achaguliwe na wote wawili. Nawe, kabla hujapiga ukucha, geuza jani.

Ngano yangu imefika kikomo. Asiyeiamini asigombane nami, apeleke shauri kwa shemeji wa Fisi. Ila aende na chakula chake.