Mtamba wa Mzee Mbelwa

Sogeeni karibu, wenzangu. Nina neno limenikaa kooni tangu juzi. Nisaidieni kulimeza au kulitema.

Kule milimani Soni wako watu watatu. Nyange ana jicho: kuku wa jirani akichechemea, yeye ndiye wa kwanza kujua. Daktari Mkufya ana sikio, hamkatizi mgonjwa. Na Mwanakombo, muuza juisi, ana mkono usiotetemeka na moyo usiosusa.

Jirani yao, Mzee Mbelwa, fundi seremala, alikuwa na kisukari mwaka wa tisa, na vidonge alimeza bila kukosa. Ghafla akaanza kukonda. Kiu haikatiki. Hatulii: anaranda nusu ubao, anatoka kukojoa, anarudi, anatoka tena.

"Baba Hoza, unakula sukari kwa kujificha!" mkewe akamlaumu.

Mzee akaapa. Hakuaminiwa.

Siku moja Nyange akaona sisimizi wamejazana nyuma ya karakana, pale mzee alipokuwa akikojoa. Mwingine angeona aibu. Yeye aliingia moja kwa moja. "Baba Hoza, mkojo wako umejaa sisimizi. Twende hospitali sasa hivi."

Mzee akagoma. Nyange akamvuta shati mpaka barabarani. Walipofika hospitali, mzee hakuweza hata kutaja jina lake.

Alipopata nafuu, muuguzi mmoja alisema, "Huyu anakula ovyo. Apewe vidonge vyake, aende." Daktari Mkufya akavuta kiti, akamsikiliza mzee mpaka mwisho, akampima upya, kisha akamwita mkewe.

"Mama, mzee hakudanganyi. Kongosho lake limechoka, halitoi tena insulini ya kutosha. Vidonge vinalihimiza, lakini halina nguvu. Anahitaji sindano."

Mama akajifunika uso kwa kanga.

Kumbe mzee anaogopa sindano kuliko msumeno! Na kwake hakuna friji. Mwanakombo akaihifadhi dawa kwenye friji yake ya juisi, akawa anakuja asubuhi na jioni kumchoma.

"Toka hapa, mwanamke wewe!"

"Tukana, baba, lakini pandisha shati."

Miezi mitatu hivyo, mpaka mzee akajifunza kujichoma mwenyewe.

Aliporudi kwenye randa yake, akatangaza: "Mtamba wangu mwenye mimba ni wa aliyeniokoa."

Hapo ndipo amani ilipotoweka. Nyange anasema, "Bila mimi angefia karakanani." Mke wa mzee anamtetea daktari: "Bila yeye ningemzika mume wangu nikiamini ni mwongo." Mwanakombo anauliza, "Dawa ikikaa tu kwenye friji, inamponya nani?"

Mzee hali akashiba. Anafungua zizi, anatoka na mtamba hadi njiani, anageuka, anamrudisha. Na mtamba yuko karibu kuzaa.

Mimi waliniuliza, nikasingizia safari. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba?