Mstari Mmoja kwenye Fomu ya Nanjala

Tegeni sikio, nyie wenye digrii, na nyie mnaosomea kuja kukaa nasi bila kazi.

Nakuru, ghorofa ya tatu ya jengo moja, palikuwa na mawakala watatu wa ajira, milango ikitazamana kama wake wenza. Mutiso alijaliwa pua: nafasi ikifunguka mahali, ameshainusa kabla ya gazeti. Moraa alijaliwa kumbukumbu: hakutupa CV ya mtu wala kumsahau mwenyewe. Saida alijaliwa ulimi. Miaka yote walichaniana mabango na kuibiana wateja.

Siku moja Mutiso akanusa: kiwanda cha maziwa kinataka mpimaji wa maabara, deadline leo saa kumi. Kazi anayo, mtu hana. Akameza kiburi, akabisha mlango wa pili.

"Dada Moraa, una mtu aliyesomea food science, mambo ya vyakula?"

"Leo ni dada? Jana si nilikuwa tapeli?"

Hata hivyo akachomoa faili. Nanjala, digrii ya second class upper, miaka minne ya kutarmac akisaka kazi, barua pepe thelathini na moja za kumkataa, zote "We regret". Simu yake haikupatikana. Moraa akakumbuka kanisa la shangazi yake Nanjala, akamfuata huko, akampata, na maombi yakafika kiwandani kabla ya saa kumi.

Kesho yake kiwandani meneja hakufungua hata faili. "Hana experience. Next!"

Ndipo Mutiso na Moraa wakampigia Saida simu, naye akaja.

"Bosi," Saida akasema, "kila mlango unataka experience. Alitakiwa azaliwe nayo? Mpe maziwa apime, akishindwa mfukuze pamoja nami."

Nanjala akapewa mtungi wa maziwa. Akapima, akapima tena. "Haya yametiwa maji."

Meneja akacheka. Kweli, walikuwa wameyatia maji wenyewe ili wamtege.

"Unaanza Jumatatu," akasema, akimsukumia fomu. "Hapa andika aliyekuleta. Jina moja tu. Huyo ndiye atakayetuletea watu kumi wengine. Saa saba fomu iwe mezani, la sivyo namwita mwombaji aliyekufuata."

Ukumbini vita vikaanza.

"Mimi ndiye niliyenusa!"

"Bila mimi ungenusa mpaka kamasi zikauke, Mutiso."

"Na bila mimi mngerudi na faili lenu kwapani!"

Hakuna aliyeuliza nani alipima maziwa. Wala hakuna aliyetaja mabenchi matatu kule ghorofani, moja nje ya kila mlango, yamejaa vijana wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki. Benchi la atakayeandikwa litatoa watu kumi. Mengine mawili yatarudi nyumbani kula ugali wa mama na maneno ya baba.

"Andika, mwanangu," Moraa akasema. "Unamjua aliyekutafuta."

"Asikutishe," akadakia Mutiso.

Saida akamwekea kalamu mkononi.

Saa saba kasoro dakika tano. Kalamu iko mkononi mwa Nanjala, mstari ni mmoja.

Haya, wasomi wangu, acheni kupiga makofi, mjibu: ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani? Na ungepitaje mbele ya yale mabenchi mengine mawili?