Kidukari Amgombanisha Mbaazi na Mama Kuvu

Hapo zamani, watoto, wadudu na mimea walipokuwa bado wakiongea, Mbaazi alikuwa mkubwa kuliko wote shambani. Mizizini mwake aliishi Mama Kuvu na watoto wake, wadogo hata macho hayawaoni. Mbaazi aliwapa sukari. Wao walimletea chakula kutoka udongoni na, kwa nyuzi zao ndefu, habari za majirani.

Siku moja Kidukari, mdudu mdogo mfyonza utomvu, alimvamia jirani, Kunde. Nyuzi zikatetemeka, tetetete!

"Mbaazi, adui yuko kwa Kunde!" akapaza sauti Mama Kuvu.

Mbaazi akatia uchungu majanini. Kidukari alipofika na kufyonza, ptuu! Akatema, akakimbia.

"Nani kamwambia?" akajiuliza. Akapeleleza mpaka akajua.

Siku ya tatu akarudi, mpole kweli.

"Hodi, shangazi."

"Nenda zako!"

"Naenda. Nimekuja kukupa pole tu. Jitu zima unakondeshwa na wapangaji! Wananenepa kwa sukari yako, na huko chini wanakucheka, hi hi hi!"

"Wananicheka mimi?"

"Wewe, shangazi! Na mizizi unayo mwenyewe. Wale wa kazi gani?"

Mbaazi akavimba kwa hasira. Akafunga mizizi, ndi! Sukari haikushuka tena hata tone.

"Mwenzetu, tumekukosea nini?" akalia Mama Kuvu. "Watoto wangu wanakufa!"

"Wafe! Kacheke nao huko waendako."

Nyuzi zikakatika, mmoja mmoja. Chini pakawa kimya.

Ndipo Kidukari na ukoo wake wote wakarudi kwa Kunde. Kunde alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuna aliyeifikisha kwa Mbaazi. Walipommaliza, wakapanda shina la Mbaazi. Fyoo! Fyoo! Majani yalikuwa matamu.

"Kidukari! Si wewe uliyenipa pole?"

"Ndiyo, shangazi. Na leo pia nakupa pole. Lakini tuna njaa."

"Mama Kuvu!" akaita Mbaazi. "Mama Kuvu, nisaidie!"

Udongo haukujibu. Angejibu nani, na wote aliwaua kwa njaa yeye mwenyewe?

Maua yakapukutika. Majani yakajikunja, yakawa meusi. Kidukari aliposhiba akaota mbawa, akaruka kwenda shamba la pili. Hakugeuka hata kuaga.

Basi, watoto, anayekuja kuwasengenya wanaowalisha, mtazameni kwanza yeye mwenyewe anataka kula nini.