Kindi, Kiboko na Filamu ya Bwawani

Mmekuja na masikio?
—Tumekuja nayo!
Na vicheko je?
—Vimo mdomoni!

Basi sikilizeni. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimekaa mbele kabisa. Anayebisha ainuke.

Siku zile, jamani, siku zile tamu! Jioni Kindi anapanda kisikini, anamwigiza Kiboko: tumbo mbele, makalio nyuma, pwata, pwata, pwata. Wanyama wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakarudi kwao na ndoo tupu, maana bwawa lote Kiboko kalitwaa peke yake.

Jioni moja Mama Digidigi akamwambia, "Kindi mwanangu, umenichekesha kweli. Lakini wanangu bado wana kiu."

Maneno yale yakamwingia Kindi. Akaazima kamera ya Kunguru, mpiga picha za harusi, akapanga jambo na Mama Digidigi, akaenda bwawani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nataka kutengeneza filamu ya ukuu wako."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo?" Kiboko akajifuta tope usoni.

Akaja Mama Digidigi na ndoo yake. Kiboko akaipiga teke: kwara-kwara-kwara!

"Picha imetoka?"

"Imetoka, bwana, ila uso wako ulikuwa kivulini."

"Wewe Digidigi, rudi hapa!" Teke jingine: kwara-kwara-kwara! "Sasa je?"

"Sasa safi. Tia na maneno."

"Afe na kiu yake, yeye na wanawe! Hapo nimeng'aa, eh?"

"Umeng'aa, bwana." Digidigi akamkonyeza Kindi.

Kiboko mwenyewe ndiye aliyealika watu, tena akaanza na mama mkwe wake, aje aone bintiye kaolewa na nani. Shuka jeupe likatundikwa, pilau ikapakuliwa, filamu ikawashwa. Kwara-kwara-kwara! "Afe na kiu yake, yeye na wanawe!"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akasukuma sahani.

"Mama, kula basi," Kiboko akasema, macho chini.

"Chakula cha nyumba hii hakinishuki. Binti yangu, funga mizigo."

"Nisamehe, mama! Nifanye nini?"

"Waniuliza mimi? Muulize mwenye ndoo!"

Kiboko akasogea kando. Digidigi akachota: chubwi!

Tangu hapo Kindi anazunguka mbuga hata mbuga na kamera yake, na wababe wakimwona wananyooka. Heshima anayo. Ila moyoni anazililia zile jioni zake. Siku hizi akitania, wanyama wanamuuliza kwa adabu, "Mzee, hii nayo ni kutetea haki za nani?"

Funzo: mchekeshaji achekeshe tu, mambo ya maji awaachie wakubwa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.

Yote ni kweli tupu, isipokuwa pilau. Kiboko anakula majani. Pilau niliitia mimi, njaa ilikuwa inaniuma.